Sentensi Yangu Isiyo na Kosa

Mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaobaki kwenye chumba cha walimu "mambo mawili matatu ya kazi". Nadhani alitaka niandike juu ya vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili lenyewe limeliwa na panya. Mshahara nao mnaujua, maana ndio huo huo mnaoulalamikia. Mimi nitaandika juu ya mikia ya maneno ya Kilatini. Msicheke. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa mwalimu wa Kiswahili, na wengi wenu hamjui kwamba miaka yangu ya mwanzo sikufundisha Kiswahili hata siku moja. Nilifundisha Kilatini katika seminari ndogo ya wavulana, kilimani nje ya mji wa Homa Bay, mpaka somo lenyewe likaondolewa kwenye ratiba. Yaliyonipata huko bado hunishtua asubuhi, kabla sijanywa chai.

Nilifika mwaka mmoja baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka seminari kubwa bila kuwa padre, kwa sababu ambazo si za kuandikwa hapa, na kichwani sikuwa na mali nyingine ila Kilatini. Baba yangu aliniuliza kama kinalika. Padre Teodori ndiye aliyenipokea. Alikuwa Mholanzi mzee, amekaa kwetu muda mrefu hata Kijaluo chake kikawa na matusi ya wavuvi ambayo hakujua kuwa ni matusi. Macho yake yalikuwa yanafifia. Nilitazamia wiki moja ya kukaa nyuma ya darasa nikitazama anavyofanya. Alinitia chaki mkononi nikiwa bado na vumbi la safari miguuni.

"Leo ni participia," akasema. "Ingia."

Wavulana arobaini wakasimama. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote ya lugha ile, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lolote linaloanza na "kwa nini", na wale arobaini hawakuwa na swali jingine.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopakwa makaa ya betri kuukuu yaliyopondwa pamoja na majani mabichi. Kila mwanzo wa muhula tuliupaka upya na mikono yetu ikakaa myeusi wiki nzima. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimoja. Mchwa walikuwa wamekula jalada na kurasa nne za mwanzo, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyejua mwandishi wake ni nani. Tulimtii tu.

Nawaeleza participia ni nini, maana bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia mtu. Ni kitenzi kilichovaa nguo za sifa. Kinaeleza tendo, lakini kinalifuata jina popote liendapo. Kiswahili hukifikia kwa kuzunguka, kwa "anaye" na "aliye"; Mrumi alimaliza kwa neno moja. *Amans* ni anayependa. *Amatus* ni aliyependwa. *Amaturus* ni anayekaribia kupenda. *Amandus* ni yule anayestahili kupendwa, na hilo wavulana wa kidato cha tatu walilikariri kwa bidii kuliko yote. Kisha kila moja hubadilisha mkia kulingana na kazi yake katika sentensi: *amans, amantis, amanti, amantem, amante.* Hapo kwenye mkia wa mwisho kuna mtego, kwani mara nyingine huwa *amante* na mara nyingine *amanti*. Padre Teodori alikuwa na jibu: kama ni tendo, tumia e; kama ni tabia, tumia i. Nilimwuliza, je, mtu akiwa anapenda kwa tabia?

"Huyo," akasema, "mwonye."

Neno lililotutesa zaidi lilikuwa *mortuus*, aliyekufa. Umbo lake ni la kutendwa, kama *amatus*, lakini maana yake ni ya kutenda. Nilipoliandika ubaoni mkono mmoja ukainuka.

"Mwalimu, kama ni ya kutendwa, nani alimuua?"

"Hakuna aliyemuua. Amekufa tu."

Darasa zima likanitazama kwa huruma. Kwetu hakuna mtu anayekufa tu.

Lakini shida yetu kubwa ilikuwa jinsia. Kijaluo hakitofautishi mume na mke katika kitenzi, na Kiswahili vile vile: amekuja, amekula, amekufa, ni nani ajuaye kama ni Petro au ni Maria? Kilatini hakikuachii nafasi hiyo. Aliyekufa akiwa mwanamume ni *mortuus*, akiwa mwanamke ni *mortua*, na huwezi kuandika neno hilo kabla hujajua unamzungumzia nani. Wavulana walikosea kila siku. Waliniandikia mabibi harusi wenye mikia ya wanaume mpaka nikahisi kichwa kinaniuma. Ndipo nikapata ujanja ambao ulinipatia sifa shule nzima. Niliwaambia: "Sisi pia tuna jinsia, ila tunaiweka mbele. Otieno ni mvulana, Atieno ni msichana. Ochieng' na Achieng'. Odhiambo na Adhiambo. Mrumi aliweka mkiani kile ambacho Mjaluo anakiweka kichwani. Basi."

Waliruka kwa furaha. Makosa yalipungua kwa nusu katika wiki moja, na Padre Teodori akaja mwenyewe kusikiliza. Mvulana mmoja tu kutoka Asembo aliinua mkono.

"Mwalimu, babu yangu anaitwa Awuor. Na ana ndevu."

"Ndevu za babu yako si somo la leo," nikamwambia. "Keti."

Akaketi. Darasa likacheka, nami nikacheka nalo.

Kwa kuwa macho ya Padre yalikuwa yanazidi kufifia, alinipa kazi moja ya pembeni: kuandika kitabu cha wafu cha misheni. Kila Ijumaa Jakobo, katekista aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa hospitalini, aliniletea vipande vya karatasi kwa Kiswahili. Mimi nilivigeuza kuwa Kilatini kitabuni, Padre akatia sahihi. Nilipenda kazi hiyo, nakiri. Darasani niliandika mambo ambayo hayakumtokea mtu: mkulima anampenda malkia, malkia anampa mkulima waridi. Katika kitabu kile participia zangu zilikuwa na watu ndani yake.

Ijumaa moja kipande cha karatasi kilisema hivi: "Achieng' wa Muhuru. Alikuwa akifyeka msitu huko Lambwe, akashikwa na malale, hakuweza kusema. Amepakwa mafuta matakatifu, amefariki, amezikwa kwetu. Ameacha mwenzake Gati na mtoto mmoja." Jina la ubatizo halikuwepo, kwa kuwa mgonjwa hakuweza kulitaja.

Nilisoma nikachovya kalamu. Achieng' huanza na A, basi ni mwanamke. Gati halikuwa jina la kwetu, ni la Wakuria, lakini pale kituo cha polisi kulikuwa na askari Mkuria aliyeitwa Gati, na masharubu yake yalionekana kutoka barabarani. Basi Gati ndiye mume. Kwamba wafyeka msitu wa Lambwe walikuwa wanaume watupu, hilo halikunipitia kichwani. Nilikuwa natafuta mikia tu. Nikaandika:

*Achieng', oleo sancto uncta, mortua, in coemeterio missionis sepulta, relicto marito Gati cum filio uno.*

Yaani: Achieng', mwanamke aliyepakwa mafuta matakatifu, aliyekufa, aliyezikwa katika makaburi ya misheni, mumewe Gati akiwa ameachwa na mwana mmoja. Participia nne katika pumzi moja! Tatu zinamfuata Achieng' kwa mkia wa kike bila kuteleza, na ya nne, *relicto*, imekaa na mume wake katika umbo ambalo wanafunzi wengine humaliza shule bila kulielewa. Padre Teodori aliinua kitabu mpaka kikagusa pua yake. "*Optime!*" akasema. Vizuri sana. Akatia sahihi.

Na mimi nikafanya jambo ambalo hata leo sijui nilikuwa na akili gani. Niliinakili sentensi ile nikaipeleka darasani iwe mfano. Muhula baada ya muhula niliiandika ubaoni, na wavulana arobaini wakaiimba: *uncta, mortua, sepulta, relicto marito Gati.* Ilikuwa na mdundo mzuri.

Mwaka ukapita, na kidogo. Ikaja barua kutoka kwa padre kijana, mgeni, aliyekuwa akihudumia misheni ya kule chini mpakani, upande wa Muhuru Bay. Alikuwa amepelekewa nakala ya maandishi yetu, kama cheti cha kifo, na aliuliza kwa Kilatini cha haraka haraka: participia hizi ni sahihi? Tafadhali thibitisheni.

Hakusema kwa nini anauliza. Mimi nami sikuuliza kwa nini ameuliza. Nilichosikia ni kwamba mtu amegusa sarufi yangu. Nilikaa jioni ile nikamwandikia ukurasa mzima. Nilimweleza kwamba *uncta, mortua* na *sepulta* zinakubaliana na Achieng' katika jinsia, idadi na uhusika. Kwamba *relicto* inakubaliana na *marito*. Nikamwongezea mifano mitatu kutoka kitabu chetu kisicho na jalada. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba sentensi haina kosa. Jakobo alikuwa akipalilia mihogo yake hatua mia kutoka dirishani kwangu nilipokuwa naandika. Nilimwona mgongo. Sikumwita.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, nilikuwa na kidato cha pili. Sentensi iko ubaoni. Nilikuwa nagonga mezani kwa rula na wavulana wanaimba, wa mbele kwa nguvu, wa nyuma kwa uvivu. Kwenye mlango uliokuwa wazi akasimama mwanamke. Alikuwa kijana bado, kanga yake imelowa umande mpaka magotini, na amebeba viatu vyake mkononi.

"Hodi."

"Karibu, mama. Unatafuta mwanao?"

"Padre ya kule kwetu ameniambia nitafute mwalimu hapa." Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia wavulana. "Hawa watoto wanaita jina yangu kwa nini?"

"Jina gani?"

"Gati. Na wanaita bwana yangu, Achieng'. Nimesimama hapo nje, nimesikia mara nne. Mnaimba."

Rula ilikuwa hewani. Sikuishusha.

"Bwana yako?"

"Bwana yangu. Alikufa hapo chini hospitali, na malale."

"Achieng' ni mwanamume?" nikauliza.

Sasa akaniangalia. "Ulitaka awe nini?"

Mvulana mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Yule wa Asembo, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudishwa kidato cha pili kwa kushindwa hesabu, hakucheka kabisa. Aliinamisha kichwa akaanza kukwaruza wino kwenye dawati kwa ukucha.

"Alipewa jina ya nyanya yake," mwanamke akasema. "Huyo nyanya alikuja kwa ndoto wakati alizaliwa. Si hiyo ndio mila yenu nyinyi Wajaluo? Mimi Mkuria nitakufundisha?"

Mimi ni Mjaluo wa kuzaliwa na kulelewa. Ndugu wa mama yangu, mwanamume wa kubeba gunia la mahindi kwa mkono mmoja, aliitwa Akinyi. Nilikula kwake kila Krismasi ya utoto wangu. Nilikuwa nimelijua jambo hili kabla sijajua kusoma, na nikalisahau kwa sababu ya kanuni niliyoitunga mwenyewe kuwafurahisha watoto.

Niliwaambia wavulana wafute ubao. Walipofuta, mwanamke aliendelea kuutazama kana kwamba bado kuna kitu.

Tulikwenda ofisi ya misheni, na njiani alinieleza kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo kwa chifu. Baada ya Achieng' kufa alibaki Muhuru akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na kumlea mtoto wake. Akaja fundi seremala, Simioni, Mkuria mwenzake kutoka upande wa Kehancha, kujenga paa la shule. Walipendana. Wote Wakristo, wakataka kufunga ndoa kanisani, na padre wa kule akasema sawa, niletee cheti cha kifo cha mume wako wa kwanza. Ndoa yake na Achieng' ilikuwa imefungwa ng'ambo, upande wa Musoma, kwa hiyo hapakuwa na kitabu kingine karibu cha kutazama. Cheti kikaja kutoka kwetu. Padre alikisoma mara mbili, akamwuliza katekista wake, akasoma tena. Cheti kilisema Achieng' ni mke, amekufa. Na Gati ni mume wake.

"Nikamwambia, Padre, mimi ni huyu, niangalie," alisema. "Akasema yeye anaona, lakini karatasi imesema ingine. Atauliza Homa Bay. Basi tukangoja. Jibu ikakuja, ukurasa mzima. Akanisomea mwisho yake. Haina kosa."

Nilimwambia nisamehe, mama, neno ambalo lilitoka dogo sana. Alikuwa hajamaliza.

Hili lililofuata ndilo lililonishtua kuliko yote, maana sikuwa nalijua. Mahali pengine watu wangecheka: kanisa limemwandika mwanamke kuwa mume, vichekesho vya wazungu hivyo. Kwa Wakuria hawakucheka. Kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, naye akawa ndiye mume wa mke huyo, mwenye boma, na watoto wakawa wa boma lake. Ni jambo la heshima na linajulikana. Wazee wa Simioni waliishi mbali na hawakuwahi kumwona Achieng'. Waliposikia kwamba kitabu cha kanisa, chenye sahihi ya padre mzee wa Homa Bay, kimesema Gati alikuwa mume wa mwanamke aitwaye Achieng', waliamini mara moja. Kwa nini wasiamini? Wakamwambia kijana wao: huyu ana boma lake, amekwisha kuoa, yeye ni mume, utamwoaje mume? Simioni alikana, akaapa. Wakamwambia alete karatasi inayosema vinginevyo. Karatasi iliyokuja ni ile yangu, yenye mifano mitatu.

"Padre ya kule amesema kitabu ikibadilika hapa, yeye atakubali," Gati akasema. "Ndio nimekuja. Nimetembea mpaka Migori, nikapata lori ya pamba."

Padre Teodori alitusikiliza akiwa amekaa juu ya sanduku la mishumaa. Aliniambia nisome maandishi yangu kwa sauti. Nikasoma. Yale yale yaliyokuwa yakinifurahisha kwa mdundo wake niliyasoma polepole, neno moja moja. Akavua miwani yake, ambayo haikuwa ikimsaidia tena.

"Mimi nilitia sahihi bila kuona," akasema. "Wewe uliona bila kuuliza. Mwite Jakobo."

Jakobo alikuja na udongo mikononi. Kitabu cha wafu hakisahihishwi bila shahidi, na yeye ndiye aliyekuwa ameleta kile kipande cha karatasi.

"Achieng' wa Muhuru?" akasema. "Yule mrefu? Lo! Nilimnyoa ndevu mimi mwenyewe kabla hatujamzika." Akanitazama, kisha akaitazama karatasi. "Si ungeniuliza tu, Mwalimu."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara ngapi kwa wengine. Nilichukua wino mwekundu. Kwa sheria ya kitabu hicho huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja mwembamba ili kosa libaki likisomeka, unaandika neno lililo sahihi juu yake, na shahidi anatia sahihi pembeni. *Uncta* ikawa *unctus*. *Mortua* ikawa *mortuus*. *Sepulta*, *sepultus*. Halafu *relicto marito*, mumewe akiwa ameachwa, ikawa *relicta uxore*, mkewe akiwa ameachwa. Jakobo alinishikia kitabu. Ilichukua dakika tano. Dakika tano, baada ya mwaka na zaidi!

Kisha Padre akaniamuru niandike cheti kipya cha Gati kwenda nacho. Akanitajia maneno na mimi nikaandika: Gati, *vidua*, mjane, *libera*, aliye huru, na mwishoni *nuptura*.

"Hiyo ya mwisho ni nini?" Gati akauliza. Alikuwa amesikiliza kila neno tukilitamka.

Nikafurahi kuulizwa. Hata katika hali ile, mwalimu ni mwalimu. Nikamwambia hiyo ni participia ya wakati ujao, ambayo Kiswahili hakina kwa neno moja: mwanamke anayekaribia kuolewa.

"Hiyo toa," akasema.

"Mama, hiyo ndiyo unayoitaka. Padre wa kule akiiona, atatangaza ndoa Jumapili hii."

"Toa. Simioni ameoa. Wazee walipeleka ng'ombe mahali pengine, wiki mbili sasa. Alingoja, hakuchoka haraka. Baba yake alimwambia atamlaani." Alisema hivyo bila kuinua sauti, akazipanga upya pindo za kanga yake. "Msichana mwenyewe namjua. Ni mzuri."

Padre Teodori alikuwa ameinua uso kana kwamba ameitwa na mtu aliye nje. Alikuwa amejua. Alipopanda lori la pamba alikuwa anajua, alipokuwa mlangoni mwa darasa langu akisikiliza wavulana wakiimba alikuwa anajua, na njia yote ile alipokuwa akinieleza habari za Simioni hakunitupia jambo hilo usoni.

"Sasa," nikasema, nikiwa sijui nasema nini, "mbona umekuja mbali hivi?"

"Mtoto yangu amebatizwa," akasema. "Mwaka ujao anaingia shule. Siku moja atajua kusoma. Sitaki afungue kitabu ya kanisa akute baba yake alikuwa mwanamke na mimi ndio nilikuwa baba. Sasa si imeandikwa vizuri?"

"Imeandikwa vizuri."

"Achieng' ni mwanaume."

"Ni mwanamume."

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wake. Aliyeachwa."

Nilipiga mstari juu ya *nuptura*. Nimeandika maneno mengi katika kazi yangu na kuyakata mengi zaidi, lakini hilo ndilo pekee ambalo nilitamani mtu mwingine alikate kwa niaba yangu. Mimi ndiye niliyemnyima mume, na sikumnyima kwa uzembe. Nilimnyima kwa bidii, kwa ukurasa mzima wenye mwandiko mzuri. Basi ninyi mtakaoketi kwenye kiti changu, msijisumbue kuniuliza mbinu za kufundisha. Mtu akiwauliza kama jambo ni sahihi, toeni kwanza mguu nje ya mlango mkamwulize Jakobo.

Tulifikiri amemaliza. Padre alikuwa amekwisha kukunja cheti. Lakini Gati alisogea mezani, akainama juu ya kitabu kilichokuwa bado wazi. Hakujua kusoma.

"Nionyeshe ile ilinifanya mwanaume."

Nilitafuta. Ningeweza kumwonyesha *marito*, lakini hilo ni jina, na mimi nilikuwa nimejivunia participia. Nilishika kidole chake cha shahada, kilichokuwa kigumu kwa chumvi na magamba ya omena, nikakiweka juu ya *relicto*, kwenye mkia wake, chini ya mstari wangu mwekundu, kwenye o.

"Hii tu?"

"Hii tu."

Kisha akainua kidole, akakilamba, akakirudisha pale pale, akaanza kusugua. Sheria ya kitabu kile hairuhusu kufuta. Jakobo alikuwa anaijua, Padre Teodori alikuwa anaijua, na mimi nilikuwa naijua kuliko wote wawili. Tulisimama tukamwacha asugue. Wino ulikuwa umekauka mwaka mzima na haukutoka.